Umbo la Zizi

Saa tatu asubuhi ya Siku ya Kuachia, wakati kijiji kizima cha Tegemeo kimeshavaa nguo za kutokea na watoto wameshapakwa mafuta mpaka visigino vinang'aa, Zamoyoni binti Kaniki, Mtunza Namba, alijifungia ndani ya chumba cha namba, akatia komeo, akakaa mbele ya mpini mwekundu. Kisha akajiuliza: sasa ndiyo nimefanya nini?

Komeo lile halikuwahi kutiwa hata siku moja. Nani angeiba namba? Kila mtu aliijua. Watoto waliiimba wakiruka kamba: mwaka wa mia na thelathini na nane, siku ya mia mbili na tatu, saa sita kamili mchana. Ikifika saa hiyo Mtunza Namba anavuta mpini, kulabu iliyokishika kijiji gizani inaachia, na Tegemeo, kijiji ndani ya chombo cha angani, na watu wake mia tatu na arobaini wanateremka kurudi kwenye Sahani, yaani lile duara pana la nyota walikotoka babu zao. Huko kuna jua. Kuna maji yanayokwenda yenyewe bila pampu. Vitu hivyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuviona, na wote walivililia.

Na mpini huvutwa mara moja tu. Kulabu ikishafunguka, koili zake zinayeyuka, haishiki tena. Waasisi waliunda moja wakasema inatosha. Watu wale walijiamini, Mungu awarehemu.

"Dada Zamoyoni!" Mlango uligongwa. Alikuwa Mwenyekiti Shemdoe, mtu wa miaka arobaini na mitano mwenye sauti ya kuita mkutano hata akiomba chumvi. "Ngoma imeanza huku. Mbona umefunga?"

"Sifungui, Mwenyekiti."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Namba ndiyo inaumwa."

Nje ngoma ilisita, au pengine ni masikio yake tu.

"Dada," Shemdoe akasema, sasa kwa upole ule wa kumsemesha mtu aliyepanda juu ya paa, "leo si siku ya mizaha."

"Tukiachia leo saa sita, tutaipita Sahani kwa nje. Hatutaigusa. Tutakwenda gizani moja kwa moja, na hatutarudi tena. Nimehesabu."

"Umehesabu?" Sauti yake ilipanda. "Umemfukua Babu Mntambo?"

Zamoyoni aliukazia macho mpini.

*

Ili uelewe kwa nini neno lile lilimchoma, ujue namba ilivyokuwa ikipokewa Tegemeo. Mtunza anapozeeka, au macho yanapoanza kumdanganya, humwita mrithi wake mbele ya watu. Mrithi anaweka kiganja kwenye kifua cha mkubwa wake, anaitaja namba mara tatu, kisha anasema: "Nimepokea. Sifukui." Maana yake hatairudia hesabu. Kuirudia ni kusema kwamba aliyetangulia alikuwa mwongo, au mjinga, na marehemu hana mdomo wa kujitetea. Namba ilipita hivyo kwa watunza sita. Watano walikuwa wanaume. Zamoyoni ndiye wa sita, na kifua alichokiwekea kiganja kilikuwa cha baba yake mzazi, Mzee Kaniki.

Yeye hakutaka kumfukua mtu. Alikuwa anafagia.

Kila mwaka, tangu mwaka wa kwanza, Mtunza huipiga Sahani picha moja kupitia dirisha kubwa na kuitia sandukuni. Miezi kumi na mmoja iliyopita, katika usafi wa kujiandaa na sherehe, Zamoyoni alizitoa picha zote azifute vumbi, akazipanga sakafuni kwa miaka yake. Hakuna aliyewahi kuzipanga. Na kwa kuwa Tegemeo ilikuwa ikiizunguka Sahani, kila picha iliiona kutoka upande wake, kama vile unapozunguka meza kuangalia chakula kilichowekwa katikati.

Akauona ukingo. Sahani haikuwa bapa. Upande mmoja ukingo wake uliinuka, upande wa pili uliinama, kama chapati iliyochelewa kugeuzwa.

Nyota za ukingoni zinakwenda kasi sawa na zile za nusu ya njia, na hilo waasisi walilijua. Kwa uzito wa vitu vinavyoonekana pekee, nyota zenye kasi ile zilipaswa kurushwa nje kama matope ya gurudumu la baiskeli. Hazirushwi. Kuna kitu kinazishika: maada giza, haiwaki, haigusiki, imeizunguka Sahani juu na chini na kwenda mbali kuliko nyota ya mwisho. Waasisi wengi walikuwa watu wa Usambara, bibi zao walifuga, kwa hiyo wakaiita Zizi. Ng'ombe unawaona, uzio huuoni. Kulabu yao iliundwa kulishika giza hilo hilo kwa nguvu, hata mzunguko ambao nyota huumaliza kwa mamilioni ya miaka, Tegemeo iumalize kwa umri wa watu wawili.

Lakini Babu Mntambo, aliyepiga hesabu ya kwanza, alilichukulia Zizi kuwa mviringo kama mpira. Hakuwa mjinga. Alikuwa bado ndani ya Sahani, na aliye sebuleni haoni paa la nyumba lilivyokaa. Zizi la mpira lisingeuacha ukingo upindike namna ile. Mpindo ungejilaza wenyewe zamani. Kitu kilikuwa kinauvuta bila kuchoka, na kitu hicho kiliweza kuwa kimoja tu. Zizi lilikuwa refu, mfano wa yai, tena limelala mshazari, yaani limeinama, juu ya Sahani yake.

Zamoyoni alipofika hapo aliinuka sakafuni akaenda kwenye madaftari. Kila asubuhi Mtunza hupima mahali ilipo nyota ya dira, huandika kipimo, na pembeni huandika neno. Akaanza na mwaka wa kwanza. Nyota ilikuwa kando kidogo ya pale namba ilipotaka, unywele mmoja. Mwaka wa ishirini, nywele kumi. Mwaka wa sabini, upana wa kidole. Na pembeni ya kila kipimo, kwa miandiko sita tofauti, wa mwisho ukiwa wake mwenyewe, neno lilikuwa lile lile.

Sawa. Sawa. Sawa.

*

"Zamoyoni, mwanangu." Ilikuwa saa nne na nusu. Sauti mlangoni sasa ilikuwa ya mama yake, Bi Mwanakheri, mkunga aliyepokea nusu ya watu wa Tegemeo. "Umekula?"

"Sina njaa, mama."

"Sikukuuliza njaa. Nimeuliza umekula."

Zamoyoni akacheka bila kutaka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Alijua mama yake amesimama na furushi lake. Furushi lile lilikuwa limefungwa tangu Zamoyoni ana miaka ishirini: kanga mbili, sufuria, na mbegu za maharage kwenye chupa, za kupandwa kwenye udongo usio na mabomba. Bi Mwanakheri alikuwa na miaka sabini na minne. Alikuwa amemwambia kila mzazi aliyemzalisha, "Vumilia, huyu atacheza juani."

"Mama, ondoka mlangoni."

"Siondoki. Ila baba yako anataka kuingia. Yeye peke yake."

Akafungua kwa kiasi cha mtu mmoja kupita ubavu. Mzee Kaniki akaingia akipapasa ukuta, maana macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga tu, na nyuma yake Zamoyoni akaona umati wa nyuso na rangi nyeupe za sherehe. Akarudisha komeo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akaketi kwenye sanduku la picha. "Wamenituma nikwambie uvute mpini."

"Najua."

"Usiuvute."

Zamoyoni akamtazama.

"Zizi ni yai," baba yake akasema. "Limelala mshazari. Saa ya kweli ya kuachia ilikuwa Alhamisi moja, miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya chakula cha mchana. Nilisimama hapo ulipo wewe. Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini."

Siku ile Zamoyoni alikuwa ameshaijua. Ilikuwa ndani ya hesabu zake, na kila alipoifikia aliiruka haraka, akijipa moyo: baba hakujua, baba aliandika sawa kama wote walivyoandika. Sasa alihisi kana kwamba chumba kimepungua.

"Ulijua?"

"Nilihesabu mara nne."

"Ulijua, baba! Tungekuwa huko sasa. Mama angekuwa na shamba! Watu thelathini na wawili tumewazika tangu siku ile, mimi nimewahesabu, kila mmoja!"

"Mwalimu Singano alikuwa bado hai." Mzee Kaniki aliongea polepole, kama anayetoa mwiba. "Aliyenipa namba. Alikuwa kitandani, anakata roho wiki ya tatu. Kila jioni ananiuliza, 'Tuko sawa, Kaniki?' Namjibu, 'Sawa, mwalimu.' Nikisema ni leo, si siku ile ya mbele, nimemwambia maisha yake yote alilinda uongo. Nikasema ngoja afe kwanza. Akafa Ijumaa."

"Ijumaa."

"Kesho yake."

Nje ngoma zilikuwa zimerudi, na wanawake walianza wimbo wa kuteremka. Zamoyoni aliegemea ukuta. Alitaka kumpiga baba yake, na alitaka kumkumbatia, na vyote viwili viligoma.

"Tena nilikuwa peke yangu," mzee aliongeza. "Hesabu yangu hakuna wa kuiangalia. Mtu mmoja na hesabu moja anayoijua yeye tu, mwanangu, huyo ana tofauti gani na kichaa? Leo ndipo nasikia na wewe umehesabu ukafika pale pale. Miaka kumi na mmoja nimelala na hilo."

"Na mimi miezi kumi na mmoja."

"Basi nisikilize. Toka, sema kulabu imekwama. Sema umevuta, imegoma. Mashine haina ukoo, haitafedheheka. Watalia wiki mbili, watazoea. Babu Mntambo atalala salama. Wewe utaandika namba mpya, miaka sitini na moja kutoka leo, utasema waasisi waliiacha ya akiba."

Ulikuwa uongo mzuri. Zamoyoni aliupima kama mtu anavyojaribu kiatu, na kiatu kilimkaa. Hakuna ambaye angemtemea mate. Baba yake angekufa na jina lake. Mama angelia, lakini angelilia chuma.

"Na Mtunza wa saba?" akauliza.

"Atapokea namba yako."

"Ataweka mkono kifuani kwangu aseme hafukui."

"Ndiyo mila."

"Na kama nimekosea kidole kimoja? Mimi nami ni mtu, baba. Atakiona kila asubuhi, miaka sitini na moja, na kila asubuhi ataandika sawa." Akafuta uso kwa kiganja. "Nitakuwa nimewajengea zizi lingine."

Zamoyoni akatazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi na tano. Akainuka, akatoa komeo, akaufungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta.

*

Shemdoe alikuwa wa kwanza kuingia, na hakusimama mpaka alipofika kwenye mpini. Akaushika.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, akihema. "Mimi nimewaahidi watu. Ukikataa, nitauvuta mwenyewe."

"Uko mkononi mwako," Zamoyoni akasema. "Sikuzuii. Dakika arobaini na tano zimebaki. Naomba nizitumie kuonyesha."

Kelele ilizuka mlangoni. Mmoja alimwita mchawi. Mwingine akauliza kama kweli hawaondoki, na sauti ya huyo ilikuwa ya mtu aliyeanguka kisimani. Bi Mwanakheri akawapenya na furushi lake kichwani, akalitua katikati ya chumba.

"Bi Mwanakheri, kaa pembeni," Shemdoe alimwambia.

"Mimi nilikukata kitovu, Shemdoe. Ulitoka unalia na mpaka leo hujanyamaza. Nyamaza kidogo." Akamgeukia binti yake, na uso wake haukuwa na huruma hata chembe. "Unasema Babu Mntambo amekosea. Mimi sikuamini. Nionyeshe."

Miezi kumi na mmoja Zamoyoni alikuwa amesubiri mtu wa kumwambia maneno yale.

"Nipe sufuria yako, mama. Na nani ana gololi?" Gololi ikapatikana. "Na lile beseni lako la kuogeshea vichanga."

Beseni likaletwa mbio kutoka chumba cha uzazi: la bati, refu, lenye umbo la yai. Zamoyoni akaviweka vyote viwili sakafuni.

"Hili Zizi la Babu Mntambo," alisema akigusa sufuria. "Irushe gololi kutoka ukingoni, mama. Weka alama ya chaki inapopanda upande wa pili."

Bi Mwanakheri akapiga magoti, akarusha. Gololi ikateremka, ikapanda, ikarudi palepale. Akairusha tena na tena kutoka palepale, na alama yake ya chaki haikuhama.

"Sasa kwenye beseni. Irushe mshazari, maana sisi ndivyo tulivyotoka."

Gololi ikateremka, ikapanda kando. Ikarudi mahali pengine, halafu pengine tena. Mama yake akachora alama nane, na hakuna mbili zilizokutana. Watu waliokuwa mlangoni walisogea bila kujijua, na waliokuwa nyuma wakaanza kuwauliza walio mbele.

"Haya. Na nitajuaje kwamba Zizi ni beseni, si sufuria?" mama yake akauliza.

Zamoyoni akamwonyesha picha, mwaka kwa mwaka, ukingo unavyoinuka na kuinama. Akamwonyesha madaftari. Bi Mwanakheri alisoma kwa kidole: unywele, nywele kumi, kidole, sawa, sawa, sawa. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Saa ilikuwa sita kasoro dakika sita.

"Tukiachia leo?"

"Tunatoka nje, mama. Basi tena."

"Na saa nyingine nzuri?"

"Baada ya miaka sitini na moja."

Mama yake akapiga hesabu kwa midomo. "Nitakuwa na mia na thelathini na tano," alisema. "Maharage nitayatafuna kwa ufizi." Mtu mmoja akacheka, kisha akaangua kilio. Bi Mwanakheri hakulia. Alikuwa ameinua macho. "Na iliyopita? Kama inakuja na kwenda, ilipita lini?"

Zamoyoni akamgeukia baba yake. Angeweza kusema zamani, kabla hatujazaliwa. Ingekuwa rahisi.

"Miaka kumi na mmoja, mke wangu." Mzee Kaniki alisimama kutoka kwenye sanduku la picha. "Zamu ilikuwa yangu. Nilijua, nikanyamaza."

Mkono wa Shemdoe ulikaza kwenye mpini. Mama yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale thelathini na wawili waliozikwa tangu siku ile.

"Nitauvuta," akanong'ona. "Wallahi nitauvuta, tupotee wote."

Kengele ya saa sita ikaanza. Ilikuwa imetengenezwa kwa siku hii tu, na ililia mapigo kumi na mawili, moja moja, bila haraka. Bi Mwanakheri hakumtazama Shemdoe wala kumbembeleza. Alimnyooshea beseni.

"Rusha na wewe," alimwambia. "Usituamini."

Shemdoe aliitazama gololi. Pigo la saba. La nane. Akauachia mpini kidole kimoja kimoja, akapiga magoti, akarusha. Kengele ikanyamaza wakati gololi bado inazunguka, na hakuna aliyeangalia ilipotua.

Sasa walikuwa ndani kwa miaka sitini na moja. Kila mtu mzima mle chumbani alijua atazikwa humu. Wakaanza kuketi chini, mmoja mmoja, na nguo zao za sherehe.

Bi Mwanakheri alichukua daftari la mwaka wa mia na ishirini na saba, akapekua mpaka Alhamisi ile, akaliweka mapajani mwa mumewe. Akamtia kalamu mkononi na kukiongoza kidole chake kisichoona mpaka kwenye neno.

"Mficha uchi hazai, Kaniki," alisema. "Futa. Kwa mkono wako."

Mzee Kaniki alifuta. Alifuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha mama yake Zamoyoni akafungua furushi, akatandika kanga moja sakafuni, akaketi juu yake na kuvuta madaftari karibu. Aliokota chaki.

"Haya, mwanangu," alisema. "Hiyo sitini na moja yako bado sijaiamini. Anza mwanzo."